Shajara ya begi la lenzi: masika moja Dar es Salaam

Machi 4

Mradi wenyewe ni huu: kulichukua begi la mgongoni la turubai gumu, lenye zipu inayofunguka mzunguko mzima, na kulifanya begi la kamera. Watumiaji ni wawili. Mimi napiga picha, mwenzangu anachukua video, na lenzi tunachangia. Mabegi ya kamera ya dukani yapo, ila kwa bei ya lile tulilolipenda tungeongeza taa nyingine ya flashi, tena mengi yana jina la kampuni ya kamera limeandikwa nje kwa herufi kubwa. Ukishuka nalo kwenye daladala saa tatu usiku umeshajitangaza.

Vitakavyokaa ndani: bodi mbili (kamera zenyewe bila lenzi), lenzi tatu, yaani 24-70mm f/2.8, 70-200mm f/2.8 na 50mm f/1.8, flashi mbili, betri, chaja, memori kadi, filta mbili, blowa ya mkono na vitambaa vya kufutia. Tripodi inafungwa nje.

Lengo la kwanza ni vitu visigongane. La pili ndilo linaloninyima usingizi: fangasi. Masika inabisha hodi, na Dar mvua ikianza hata chumvi mezani inalowa. Zeiss, watu waliokuwa kwenye kazi ya vioo tangu 1846, wameeleza fangasi inavyopenda kuishi: unyevu hewani wa asilimia 70 na kuendelea kwa zaidi ya siku 3, joto kati ya nyuzi 10 na 35, giza, hewa isiyotembea, na chakula kidogo cha vumbi, nyuzi za nguo au mafuta ya vidole. Nilipomaliza kuisoma orodha ile niliona wameelezea begi lililofungwa zipu na kusukumwa chini ya kitanda Magomeni. Na ikishaota, ile mizizi inatoa asidi inayokula rangi ya kinga juu ya kioo, wakati mwingine na kioo chenyewe. Fundi anaweza kuifuta fangasi, alama ikabaki.

Machi 7

Sijampelekea fundi kitu bado. Nimekata maboksi ya maji ya chupa nikapanga kuta za kadibodi kwa selotepu, nione nini kinakaa wapi.

Begi kwa ndani, ukishatoa unene wa sponji, lina urefu wa sentimita 45, upana 29, kina 17. Hicho kina ndicho kinachoamua. Bodi ikiwa imefungwa 24-70 inapita sentimita 17, kwa hiyo haiwezi kukaa ikitazama zipu. Lazima ifuate urefu wa begi. Ingewezekana kuitenganisha bodi na lenzi kila safari, lakini kwenye harusi picha ya kwanza haisubiri mtu afungue mifuniko. Zinasafiri zimeungana.

Nimefika hapa: begi linagawanywa safu tatu za wima. Safu ya kati ina sentimita kumi na nusu. Chini kabisa inakaa 70-200, yenye urefu wa karibu sentimita 20. Juu yake kuna ukuta wa kulala, halafu 24-70 ikitazama chini, na bodi yake inalala kwa juu. Safu za pembeni ni nyembamba: bodi ya pili na 50mm kushoto, flashi mbili na vikorokoro kulia. Ile 70-200 ina kilo moja na nusu, ndiyo maana nimeiweka kwenye usawa wa uti wa mgongo. Ungeiweka kulia, bega la kulia lingekupa taarifa kabla ya saa sita mchana.

Kuna jambo ambalo kadibodi imenionyesha vizuri kuliko mchoro wowote. Begi likiwa mgongoni, ile bodi ya juu inataka kushuka. Ikiachwa ishuke, mbele ya 24-70 inagota kwenye ukuta wa kulala, na kila shimo la barabarani linakuwa nyundo kati ya lenzi na shingo yake, pale inapojifunga kwenye bodi. Dawa yake ni kuzikata kuta mbili za wima fupi kidogo kwa juu, ili bodi ikae juu yake kwa mabega, upande huu na upande huu, na lenzi ining'inie bila kugusa kitu. Nimeacha nafasi ya kidole kimoja chini yake. Nimelitikisa begi nikiwa nimeingiza mkono: kidole hakikubanwa.

Kuhusu 70-200, naiweka mbele chini, nyuma juu. Wapo wanaobisha, wanasema kioo kikubwa ndicho cha kulindwa. Lakini mbele kuna mfuniko, kuna hudi (ile kofia ya kuzuia mwanga) iliyogeuzwa, na kioo kimezama ndani. Nyuma kuna vile vishaba vya umeme na kingo ya chuma inayotakiwa kukaa sawasawa na bodi. Nikichagua upande wa kugota chini mtu akilitua begi kwa hasira, nachagua mbele.

Machi 11

Siku ya sponji. Sponji ya godoro ni rahisi na ipo kila kona, nimeiacha. Ina vitundu vilivyo wazi, inanyonya maji na haiyaachii haraka. Halafu kwa joto na unyevu wetu inaoza polepole: ukifungua spika ya zamani utaikuta ile pete ya sponji inayozunguka koni imegeuka unga unaonata. Sitaki unga huo karibu na lenzi.

Nimechukua ile mikeka ya kuunganisha wanayochezea watoto sakafuni, ya unene wa sentimita moja. Ni povu la EVA, jamaa moja na la ndala. Vitundu vyake vimefungwa, ukiimwagia maji yanateleza. Kwa kitako cha begi naweka mbili, moja juu ya nyingine.

Muuzaji kauliza mtoto ana umri gani. Nimemwambia wapo watatu, mkubwa ana kilo moja na nusu. Kaniangalia tu.

Machi 15

Mtaa wa Gerezani, kwa fundi wa siti za magari. Wapo mafundi wa mabegi ya shule karibu na nyumbani, lakini mtu aliyezoea kushona siti anajua kuvika povu kitambaa bila kukunjamana, na cherehani yake haiogopi unene.

Kazipokea kuta za kadibodi, kazigeuza, kaniuliza: "Kijana, hii unataka iwe siti au iwe sanduku?"

"Sanduku, mzee. Ila litoke zima kwenye begi. Nikitaka kulivuta nje, livutike na vitu vyake."

Hilo ndilo wazo la mradi mzima. Sponji na kuta hazishonwi kwenye begi. Zinakuwa chombo kimoja, kiini, kinachoingia na kutoka. Mchana kiini kiko ndani ya begi. Usiku kinahamia kwenye boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko na vibanio pembeni, pamoja na silika, zile punje zinazonyonya unyevu. Begi libaki kazi yake ya kubebea.

Kitambaa kilileta mjadala. Nilikwenda na veluti nyekundu, maana mabegi mengi ya zamani yana kitu cha namna hiyo. Fundi kaipitishia kucha, kucha ikatoka na nyuzi nyekundu. "Hii ni ya kochi la kuangalia," kasema, na kutoka chini ya meza kavuta kipande cha kitambaa cha dari la gari, kile cha kijivu chenye manyoya mafupi yaliyokandamizwa. Nimebandika selotepu juu ya vyote viwili nikaibandua. Ya veluti ilitoka kama ndevu. Ya dari ilitoka na nyuzi mbili tatu. Faida ya pili ni kwamba velkro inakamata kitambaa cha dari popote, kwa hiyo kuta zinaweza kuhamishwa bila kushona upande wa pili wa velkro.

Kulabu za velkro zinakaa kwenye ndimi za kuta tu, na kila ulimi unabanwa kabisa na ukuta wa nje. Kulabu ikibaki wazi hata kidogo inakamata kitambaa cha kufutia lenzi, inakichana, na zile nyuzi ndizo chakula cha fangasi nilichokisema juu.

Machi 16

Mvua tangu alfajiri. Gerezani hakuendeki.

Machi 21

Kiini kimetoka. Mshono safi, pembe zimekaa. Fundi kaongeza mikanda miwili ya kukinyanyulia, sikumwomba, na ndiyo kitu ninachokitumia zaidi.

Vitu vikubwa vimeingia kama kadibodi ilivyosema. Vidogo ndivyo vinavyosumbua, na nadhani lenzi nyingi zinakwaruzwa na vitu vidogo: chaja inayotembea huru, bisibisi ya bamba la tripodi, ufunguo wa nyumba ulioingia bila kuonekana. Nimeweka sheria kwamba chuma hakikai upande wa lenzi. Bamba la tripodi, ufunguo wake na adapta ziko kwenye mfuko wa nje wenye zipu yake.

Filta zina kopo lake gumu. Vitambaa vya kufutia viko ndani ya kimfuko safi, kimoja kinatumika, kingine akiba. Kile kinachotumika kinafuliwa kwa sabuni kidogo bila dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo inaacha mafuta kwenye kioo. Blowa inatangulia kitambaa siku zote. Ukianza na kitambaa, unasugua mchanga wa Coco Beach juu ya kioo.

Betri na memori kadi tunazitumia watu wawili gizani, kwa hiyo mfumo lazima ueleweke kwa kupapasa. Betri iliyojaa inakaa vishaba juu vikiwa na kifuniko chake cha plastiki. Iliyokwisha inageuzwa kichwa chini. Kadi tupu inatazama juu, iliyojaa inageuzwa na haiguswi mpaka nyumbani. Mwenzangu kapendekeza tuongeze utepe wa rangi. Kwa taa za ukumbi wa harusi, zambarau na kijani, rangi zote ni moja. Tumeachana nalo.

Mfuniko wa nyuma wa lenzi na mfuniko wa bodi, vikitoka kazini, vinaunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe kisha vinaingia mfuko wa juu. Vikiachwa wazi vinakusanya vumbi upande ule ule unaokwenda kukaa karibu na sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha.

Machi 24

Nimenunua vipimaunyevu vidogo viwili vya betri. Vya bei nafuu havikubaliani: mezani kimoja kilisema 78, kingine 83. Kuna njia ya jikoni ya kuvipima. Chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, unaitia matone ya maji iwe tope zito, isiyeyuke. Unaiweka pamoja na kipimaunyevu ndani ya kopo linalobana, unaliacha usiku kucha. Hewa iliyo juu ya tope la chumvi hukaa asilimia 75, joto la chumbani likiwa la kawaida. Asubuhi cha kwanza kilisoma 71, cha pili 76. Nimeandika juu ya kila kimoja kwa kalamu ya wino: +4, −1.

Mama kaliona kopo la chumvi, kauliza kwa nini nisiweke mchele tu kwenye begi kama watu wengine. "Mchele una vumbi la unga, mama, utaingia kwenye lenzi." Kasema basi niuoshe kwanza.

Machi 29

Harusi ya kwanza na begi jipya. Ukumbi wa hoteli, AC imefunguliwa mpaka mwisho, nje bustanini joto la kama nyuzi 29 na hewa nzito ya baada ya mvua. Ukiitoa kamera iliyopoa ukumbini moja kwa moja bustanini, kioo kinafunga ukungu papo hapo, mbele, na wakati mwingine kwenye kitafutio, pale pa kuchungulia, pia. Kuufuta hakusaidii. Unarudi kabla hujakunja kitambaa.

Utaratibu tuliojipangia: kabla ya kutoka, kamera inaingia begini humo humo kwenye ubaridi, zipu inafungwa, begi ndilo linalotangulia nje na kukaa limefungwa. Ukungu unashika kitambaa cha begi badala ya kioo, na vitu vya ndani vinapata joto polepole. Povu linachelewesha joto, kwa hiyo tumehesabu nusu saa hivi. Shida ni kwamba bibi harusi hasubiri nusu saa. Bodi ya pili yenye 50mm ilibaki barazani na mwenzangu tangu mwanzo, haikuonja AC, na ndiyo iliyopiga picha za bustani zote za mwanzo. Mpango huu tunaubakiza.

Kurudi tumepanda bodaboda, begi kifuani. Mvua imelowesha turubai la nje. Kiini kavu.

Aprili 6

Wiki ya kupima, na hapa mradi umebadilika sura.

Chumbani jioni: asilimia 80 na zaidi, siku za mvua inagusa 88. Ndani ya begi lililofungwa, bila silika: karibu sawa na chumbani, ila chumba kinashuka mchana madirisha yakiwa wazi na feni inazunguka, begi halishuki. Linabaki na unyevu wa jana. Begi lililoloweshwa na mvua ya harusini, hata baada ya kukauka kwa kugusa, lilikaa juu ya 80 siku kadhaa.

Ndani ya boksi, kiini kizima na lenzi zake pamoja na nusu kilo ya silika: kipimo kinashuka mpaka 60 hivi, kinasita, kinapanda tena. Silika, ile ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba, ilikuwa kijani kabla ya wiki kwisha.

Boksi lile lile, lenzi peke yake bila kiini: 45 kufikia asubuhi, na inakaa hapo.

Povu la EVA halina kosa. Ni kitambaa. Kiini kina mita kadhaa za kitambaa cha dari la gari, na chote kinashinda siku nzima kikinywa hewa ya Dar. Usiku kikiingia kwenye boksi kinaitema, na silika inafanya kazi ya kukausha kitambaa badala ya kukausha lenzi. Wazo langu la kuhamisha kiini kizima lilikuwa zuri kwa mikono, ghali kwa silika.

Kwa hiyo: kiini hakilali kwenye boksi. Nimekata trei ya EVA tupu, isiyo na kitambaa, yenye matundu ya mviringo kwa kisu, inaenea chini ya boksi. Lenzi na bodi zinahamia humo. Kiini kinaning'inizwa kwa ile mikanda ya fundi mbele ya feni, kuta zikiwa zimefunguliwa, na begi linatundikwa zipu wazi. Kuhamisha kila kitu kunachukua muda mfupi kuliko kupakua picha.

Nalenga 40 hadi 50. Kushuka sana nako hakufai, mpira wa zumu na grisi ya ndani havipendi ukavu wa kupitiliza. Ikishuka chini ya 40 napunguza vipakiti.

Aprili 9

Kukausha silika. Vipakiti vya kwenye viatu ni vidogo mno kwa boksi la lita 20 na mara nyingi vimeshashiba kabla hujavitoa dukani. Hii ya nusu kilo niko nayo kwenye vimfuko vya pamba. Inakaushwa kwenye oveni kwa kama nyuzi 120, saa mbili tatu, ikiwa imemwagwa kwenye trei bila vimfuko. Sisi tuna jiko la gesi tu: sufuria kavu, moto mdogo kabisa, unageuza mara kwa mara mpaka kijani kirudi chungwa. Moto ukizidi rangi inaungua na hutajua tena ikishiba. Sufuria hiyo hairudi kupikia. Ya bluu inayogeuka waridi nimeiacha dukani kwa sababu rangi yake ni ya kobalti, na jikoni kwetu kuna watoto.

Aprili 20

Boti kwenda Unguja, kazi ya siku mbili. Begi limekaa miguuni, halikupelekwa kwenye rundo la mizigo. Rasharasha za maji ya chumvi kwenye sitaha ni nyingi, kwa hiyo kamera haikutoka mpaka Malindi, bandarini Unguja. Jioni hotelini, chumvi imefutwa kwenye bodi na miili ya lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Vioo blowa tu.

Boksi kubwa halisafiri. Njiani tunatumia makopo mawili ya chakula yenye mpira kwenye mfuniko, moja la 24-70 na 50mm, jingine la 70-200, kila moja na kipakiti chake. Asubuhi yote mawili yalisoma chini ya 50.

Mwenzangu mwezi ujao anakwenda mbugani kwa ndege ndogo, zile ambazo mara nyingi kikomo cha mzigo ni kilo 15 na begi lazima liwe laini. Kiini kitafaa. Betri za akiba lazima abaki nazo ndani ya ndege, vishaba vimefunikwa. Za kamera zetu zina wati-saa 14 mpaka 16 hivi, mbali na kikomo cha 100, kwa hiyo hapo hakuna mjadala uwanjani.

Mei 3

Hali ilivyo. Nimezimulika lenzi zote kwa tochi, mbele na nyuma, diafragma (tundu la kupitishia mwanga) ikiwa wazi: safi, mbali na punje za vumbi zilizokuwemo. Ukuta mmoja wa wima umeanza kulegea kwenye ulimi wa juu, ule unaobeba bega la bodi, kwa sababu ndio unaovutwa zaidi. Utashonewa ulimi mpana zaidi, sentimita tano badala ya tatu.

Gharama, ukijumlisha mikeka, kitambaa, velkro, ushonaji, boksi, silika na vipimaunyevu, haijafika nusu ya bei ya lile begi la dukani. Begi lenyewe sikulihesabu, nilikuwa nalo.

Yaliyobaki ni koti la mvua la begi, lenye kofia ya kufunika zipu ya juu, na kiini cha pili cha mwenzangu, ambacho safu yake ya kati itakuwa pana kwa sababu ya gimbo, kile kishikio cha kutuliza kamera ya video. Kadibodi zake nimezikata jana. Fundi kasema zimfikie kabla ya Jumanne, akipata siti za basi hatakuwa na nafasi.